Mapanga ya Moshi ya Ludilo

Kisichopita moshini hakidumu upeponi. Mliisikia jana kwa Bi Yusta alipokuwa akiwajibu wale washenga waliotaka ndoa ifungwe ndani ya wiki mbili, nanyi mkaangua kicheko kana kwamba ameitunga palepale. Hakuitunga. Methali hiyo ina wenyewe, nao ni watu wa Ludilo, huko nyanda za juu karibu na Makambako. Kwa kuwa mmeniuliza ilitoka wapi, nitawasimulia yote, hata pale panapouma.

Upepo wa Ludilo hauna adabu. Huanza mwezi wa sita, huvua watu kofia na kuezua mabati, na mgeni akiuliza utakoma lini huambiwa anywe chai kwanza. Watu waliulalamikia miaka nenda miaka rudi, mpaka alipotokea Ezelina Mligo, binti wa seremala, aliyesema kwamba kitu chenye nguvu hivyo hakifai kulalamikiwa tu, kipewe kazi. Baba yake alikuwa amemwachia randa, patasi na ukaidi. Akakusanya sumaku na nyaya za shaba, akasuka jenereta, akachonga mapanga matatu ya mti wa msindano ili upepo uyazungushe, umeme uwake katika zahanati ambayo akina mama walikuwa wakijifungulia kwa mwanga wa kibatari.

Taa iliwaka mwezi mmoja. Kisha mapanga yakapinda, mtambo ukatetemeka kama mwenye homa, ukasimama. Akachonga mengine, akayaanika juani, yakapasuka. Alipokuwa akiyatazama kwa uchungu, shangazi yake, Bi Tulalumba, alipita na kuni kichwani.

"Mbegu za mahindi tunazihifadhi wapi, Ezelina?"

"Juu ya meko, shangazi."

"Kwa nini?"

"Moshi unazikausha taratibu, na wadudu hawazigusi."

"Sasa wewe unaanika mbao juani kama maharage, halafu unashangaa nini?"

Basi mapanga yakapandishwa kwenye kichanja juu ya meko ya Bi Tulalumba, yakakaa humo kutoka kifuku, msimu wa mvua, hadi kifuku kingine. Yaliposhushwa yalikuwa meusi, mepesi, yananukia moshi. Bi Tulalumba alichukua mwiko, akaligonga la kwanza, nalo likalia kwa sauti kavu iliyokwenda mbali. "Hili limeiva," akasema. Mtambo ule wa zahanati ulizunguka, na mapanga yake hayakupinda tena.

Hapo ndipo kampuni ya Ezelina ilipoanza, na ninajivuna kuieleza, maana haikuanzia katika ofisi ya mtu, ilianzia jikoni. Kila mtambo ulihitaji mapanga matatu yaliyokaushwa katika jiko moja, kwa sababu moto wa kila mama ni wake, na mapanga ya majiko mawili hayalingani uzito. Mama aliyekausha aliwekewa taa nyumbani, na jina lake likachongwa kwenye shina la kila panga. Wanunuzi walikuja kutoka Singida na Mbozi wakiuliza kwa majina: "Mna ya Bi Tulalumba? Mna ya mama Mgaya?" Wanawake ambao majina yao hayakuwahi kuandikwa popote ila kwenye kadi ya kliniki, sasa majina yao yalikuwa yakizunguka juu ya shule na mashine za kusaga za mikoa minne. Karakana ikawa na mafundi arobaini. Ukipita Ludilo enzi hizo ukasema huna jiko lenye mapanga, watu walikutazama kwa huruma.

Kisha likaja agizo kubwa. Mkandarasi mmoja alitaka mitambo tisini kwa ajili ya visima vya vijiji vya nyanda za chini, na aliitaka kabla ya pepo za mwezi wa sita. Majiko yote ya Ludilo yakijumlishwa, yangetoa mapanga ya mitambo thelathini tu. Ezelina alijua hivyo. Lakini sifa ilikuwa imemkaa kichwani, na sifa ikishakaa kichwani hesabu hupitia dirishani. Akakubali. Akajenga tanuri la umeme lililokausha mbao kwa siku sita.

Bi Tulalumba alikuja na mwiko wake, akagonga panga la tanuri. Lilitoa sauti ya boga.

"Nje limekauka, ndani lina maji. Hili halijaiva, mwanangu."

"Shangazi, mbao si ugali. Dunia haitungoji."

"Dunia haijawahi kumngoja mtu. Mbao nazo hazijawahi kumfuata mtu mbio."

Ezelina alicheka, akamsindikiza mlangoni. Halafu akafanya jambo ambalo hata leo ni zito kulitaja. Msimamizi wake wa karakana, fundi Aidani, alimuuliza achonge jina gani kwenye yale mapanga ya tanuri, maana hayakuwa na jiko. Wanunuzi walikuwa wakitazama majina. Ezelina akasema, "Chonga Tulalumba." Yakachongwa yote: mapanga mia moja na themanini ya mitambo sitini iliyozidi uwezo wa majiko, yenye jina la mwanamke ambaye hakuwahi kuyaweka juu ya moto wake.

Mwezi wa sita ulipofika, pepo zikavuma, na yale mapanga yakaanza kupinda moja baada ya jingine. Moja lilichomoka na kutoboa paa la darasa. Shule ilikuwa imefungwa, Mungu ni mwema. Visima vikasimama, watu wakarudi kubeba ndoo kutoka mtoni.

Mkandarasi akamtuma mhandisi wake, bwana Kasigwa, mtu mpole mwenye daftari. Kijiji kizima kilikusanyika karakanani, wanawake wa majiko wakiwa mbele. Bwana Kasigwa aliweka mezani vipande vya mapanga yaliyovunjika, akavigeuza, akasoma mashina.

"Nimeona tatizo lilipo," alisema. "Yote yaliyovunjika ni ya jiko moja. Tulalumba, Tulalumba, Tulalumba. Huu ukaushaji wa jikoni hauaminiki. Lakini naona mama Mligo ana tanuri la kisasa. Ushauri wangu ni kwamba majiko yaachwe, kila kitu kipite kwenye tanuri. Akikubali, mkandarasi atasamehe hasara, na agizo la pili litakuwa kubwa kuliko hili."

Mafundi wakapumua. Kampuni ilikuwa imepona, na Ezelina hakutakiwa kufanya lolote ila kunyamaza. Akamtazama shangazi yake. Bi Tulalumba alikuwa amekaa, mikono juu ya magoti, akivitazama vile vipande vyenye jina lake. Hakuwa na hasira bado. Alikuwa akijiuliza, mbele za watu wote, ni siku gani moto wake ulimdanganya. Ezelina aliiona ile shaka usoni mwa mtu aliyempa kazi yake yote, akaona aibu.

Akasimama.

"Bwana Kasigwa, futa ulichoandika. Mapanga haya hayajawahi kuliona jiko la shangazi yangu. Yametoka kwenye tanuri langu. Jina nililichongesha mimi, kwa uongo."

"Mama, unajua unachokisema? Nikiandika hivyo, agizo limekufa, na itakubidi ubadilishe mapanga yote ya tanuri."

"Najua. Tena nenda kwenye zahanati yetu ukatazame mapanga ya kwanza kabisa. Yamepigwa na upepo huuhuu miaka kumi na minne na bado yanazunguka. Usiulaumu upepo, wala usilaumu majiko. Kisichopita moshini hakidumu upeponi."

Hiyo ndiyo mara ya kwanza maneno hayo kutamkwa chini ya jua. Yalitamkwa na mtu aliyekuwa akijibomolea nyumba yake kwa mdomo wake, na hakupunguza sauti.

Bi Tulalumba hakumkumbatia, msidhani. Aliondoka bila kuaga, na kwa siku tisa hakuitikia salamu ya mpwa wake. Siku ya kumi alituma ujumbe mfupi tu: kichanja chake kiko wazi. Siku ya kumi na moja vichanja vyote vya Ludilo vikawa wazi, na hakuna mama aliyeuliza atapata nini.

Ilichukua kifuku mara tatu kubadilisha mapanga ya mitambo yote sitini ya tanuri. Ezelina alipanda kila mnara yeye mwenyewe, akashusha panga bovu, akapandisha la moshi. Katika muda huo hakuuza hata mtambo mmoja. Mitambo ya plastiki ikaingia kutoka ng'ambo, wanunuzi wakazoea kwenda mjini. Mafundi wakaaga mmoja mmoja, Aidani wa mwisho. Karakana ikageuzwa ghala la viazi, na hivyo ndivyo ilivyo hadi leo. Sitawaficha: kampuni ilikufa, na haikufufuka.

Siku ya mtambo wa sitini, Bi Tulalumba, mzee sana sasa, aliomba apelekwe kuuona. Watu wa kijiji kile walikuwa wamejipanga na ndoo. Ezelina alishuka mnarani, mikono imechubuka, nywele zimeingia mvi, upepo ukashika mapanga, na maji yakaanza kutoka bombani. Vigelegele vikapigwa. Jirani mmoja asiye na staha akamuuliza mbele za watu kama hajutii kuipoteza kampuni kwa sababu ya maneno yake mwenyewe.

Kabla hajajibu, Bi Tulalumba alinyoosha ule mwiko wake, aliokuja nao kwenye khanga, akamgonga mpwa wake begani taratibu, akatega sikio kama afanyavyo kwa panga. Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Mwacheni," alisema. "Huyu sasa ameiva."

Ezelina Mligo alilia pale chini ya mnara bila kuficha uso, na Ludilo nzima ilijivunia machozi yale kuliko ilivyowahi kujivunia kampuni. Basi mkimsikia tena Bi Yusta akiwaambia wenye haraka, msicheke. Kisichopita moshini hakidumu upeponi.