Jezi Iliyorudi Imefuliwa

Mficha sababu huvikwa ya watu. Mmeisikia kwa kocha wenu jioni hii, mkaja kuniuliza mimi kama vile nauza methali gengeni. Hata hivyo hamkukosea mlango. Hii ilizaliwa mbele ya macho yangu, na chanzo chake ni hiki.

Timu ya mtaa wetu ilikuwa na beki mmoja, Nkwabi, ndiye nahodha. Mchana alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, jioni yuko uwanjani. Mimi nilikuwa nauza chai nyuma ya goli, bega kwa bega na mama yake, muuza maandazi. Msicheke, bibi yenu alijua kuotea ni nini kabla baba zenu hawajazaliwa. Kijana alikuwa hodari, ila alikuwa na ulimi. Mwenzake akichoka na kuomba kutolewa, Nkwabi humwambia mbele za watu, "Nenda kwa mama akakupe uji." Watu walicheka, naye alicheka nao.

Mwaka mmoja akaanza kuishiwa pumzi. Alikwenda hospitali kubwa iliyo ng'ambo ya reli, akapimwa, na daktari akamwambia moyo wake umetanuka. Atumie dawa, ahudhurie kliniki kila Alhamisi, na mpira auache kabisa, maana mbio moja tu ingeweza kumwangusha asiinuke tena. Alikuwa hajatimiza miaka thelathini. Nawaambia kweli, kifo hakikumtisha kama ule uji. Alijua wote aliowacheka wangemngoja uwanjani na maneno yake mwenyewe. Kwa hiyo hakumwambia mtu, hata mama yake mzazi.

Fainali ilipokaribia, na tulikuwa tucheze na timu ya huko huko ng'ambo ya reli, aliifua jezi yake, akaipiga pasi, akaipeleka kwa kocha, Mzee Magesa. "Nimeacha," alisema, akaenda zake. Kwetu wakati ule, jezi iliyorudishwa safi bila maelezo ilikuwa na maana moja: mwenyewe amehamia timu nyingine. Nkwabi aliijua desturi hiyo vizuri. Aliona heri aitwe mhamaji kuliko aitwe mgonjwa.

Fainali tukafungwa. Na kila Alhamisi watu walimwona akivuka reli na mfuko mkononi. Mfuko wa dawa ukaitwa mfuko wa viatu vya mpira, na safari ya kliniki ikaitwa safari ya mazoezi. Mrisho, golikipa wetu na rafiki yake tangu utoto, akaacha kuitikia salamu yake. Yote hayo Nkwabi aliyameza. Jambo ambalo hakulitegemea ni kwamba watu wangeacha kununua maandazi ya mama yake. Wateja wangu wakawa wanakunywa chai kavu, na sinia la mwenzangu liko pale pale limefunikwa.

Jioni moja mama alirudi nyumbani na sinia limejaa. Yaliyosemwa huko alinisimulia mwenyewe.

"Nkwabi, baba yangu," alimwita. "Umetuuza?"

"Nani kakwambia, mama?"

"Hakuna asiyeniambia. Nakuuliza wewe."

Nkwabi akavuta mfuko uvunguni mwa kitanda, akamwaga dawa mkekani. "Moyo wangu ni mgonjwa, mama. Mpira nimekatazwa. Niliona aibu kusema."

Mama akaziokota zile dawa moja moja. "Uliona aibu," alisema. "Na hii ninayotembea nayo mimi kila siku, ulidhani ni ya nani?"

Nkwabi alilia kama mtoto, na mama hakumnyamazisha.

Kesho yake alikuja uwanjani taratibu, akisimama njiani kupumua, na vijana wakampigia miluzi. Akasimama mbele ya timu, akaeleza yote, na uji nao hakuuacha. "Nilikuwa nawacheka mliochoka," alisema. "Nilipochoka mimi, nikaogopa kuchekwa."

Hakuna aliyecheka. Mrisho alivua glavu zake polepole.

"Siku moja nilikukuta umekaa chini pale geti la hospitali, umeshika kifua," alisema. "Nikadhani unajificha nisikuone. Nikapita."

"Nilikuona," Nkwabi akajibu. "Na kweli nilikuwa najificha."

Uwanja mzima ulitazama chini. Mtu hakujua aanze kuomba radhi kwa nani, kwa kijana au kwa mama yake. Ndipo Mzee Magesa akasema, kwa sauti ya chini, "Sisi tumekosa, na wewe umekosa. Mficha sababu huvikwa ya watu."

Mama Nkwabi alikuwa amesimama nyuma yetu na sinia lake kichwani. Akasema, "Na akivikwa yeye, mama yake naye anavikwa."

Watu waliyachukua maneno ya kocha, wakayafanya methali. Ya mama waliyaacha pale pale, nadhani kwa sababu yaliwachoma. Mimi kila nikiisikia huyasikia yote mawili. Mficha sababu huvikwa ya watu.