Sultani Aliyekataza Kutia Chumvi

Hapo zamani, wala si zamani ile ya babu wa babu, maana taa za umeme zilikuwa zimekwisha kuingia mjini na wazee wamekwisha kuchoka kuzilaumu, palikuwa na Sultani katika mji wa Shangama, jina lake Hilali. Sultani huyu alipenda mambo mawili, kuogelea na kusifiwa, na hasa alipenda kusifiwa akiwa anaogelea. Basi akajengewa bwawa nyuma ya kasri, lenye vigae vya buluu na ngazi ya shaba, ikawa kila alasiri hushuka humo na kikoi chake, akapiga mbizi moja fupi, na mawaziri waliosimama ukingoni wakapiga makofi kama watu walioona nyangumi.

Bwawa hilo lilijazwa maji baridi ya kisima, na ili yasiharibike yalitiwa klorini, ambayo watu wa Shangama waliiita dawa. Mwenye kutia dawa alikuwa mjane mmoja, Bi Mize. Kila jioni alipima maji kwa matone yake, yanayogeuza maji manjano penye klorini, akatia unga wa dawa kwa kipimo, akasugua kuta kwa brashi, akaopoa majani. Aliifanya kazi hiyo vizuri hata hakuna aliyeiona. Lakini Sultani hakukosa la kulalamikia: dawa ilimwasha macho, ilinuka katika ndevu zake, na zaidi ya yote ilimpaushia vikoi.

Ikawa siku moja akafika mfanyabiashara kutoka ng'ambo, Bwana Ghalib, mtu wa kanzu safi na ulimi laini kuliko kanzu, amebeba mtambo wa chuma ndani ya sanduku. Akabusu mkono wa Sultani, akasema, "Maulana, wafalme wa huko nitokako wamekwisha kuitupa klorini jaani. Wao huogelea katika maji ya chumvi. Unatia chumvi mara moja, maji yanapita ndani ya mtambo huu, nawe umemaliza. Hakuna dawa, hakuna kupima, hakuna kusugua. Bwawa hujitunza lenyewe kama paka."

"Na hayana klorini?" akauliza Sultani.

"Hata tone, Maulana."

Hapo Bwana Ghalib alikuwa ametia chumvi, tena gunia zima, na bwawa lenyewe halijatiwa hata kijiko. Lakini Sultani aliamini, kwa kuwa alikuwa ameambiwa jambo alilolitaka.

Basi mtambo ukafungwa, na siku ya kuanza zikapigwa ngoma na matarumbeta, mji mzima ukaitwa, na Sultani mwenyewe akalifungua gunia la kwanza la chumvi akalimwaga majini kwa mkono wake. Kisha mpiga mbiu akasimama juu ya ukuta akatangaza kwamba tangu siku hiyo klorini ni marufuku, na atakayetia klorini katika bwawa la Sultani atahama Shangama wala hatarudi. Bi Mize akanyang'anywa kopo lake la dawa, akaachiwa ufagio.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri, wala sitamdhulumu Bwana Ghalib kwa hilo. Maji yalikuwa laini, macho hayakuwasha, na ndevu za Sultani zikanukia udi kama zilivyotakiwa. Lakini haukupita muda mrefu, ile ngazi ya shaba ikaanza kuota kutu ya kijani, maana chumvi haina adabu mbele ya madini. Bwana Ghalib alipoulizwa akasema hiyo ni rangi ya baraka. Kisha kikoi kipya cha Sultani, cha rangi ya zambarau, kikaanza kupauka matakoni. Hapo hapakuwa na baraka ya kusingizia. Sultani akaamuru maji yapimwe kwa matone ya zamani ya Bi Mize, na maji yakageuka manjano. Klorini ilikuwamo!

"Nani ametia dawa katika bwawa langu?" akafoka Sultani.

"Maulana," akasema Bwana Ghalib upesi, "mjuzi wa dawa hapa ni mmoja tu, na tangu nilipofika ananitazama kwa jicho baya."

Basi Bi Mize akakamatwa akafungiwa ghalani, ikaamriwa kwamba Ijumaa baada ya sala atolewe mjini.

Bi Mize alikuwa na mdogo wake, Vuai, hohehahe wa kupigiwa mfano, mwenye kanzu moja, na siku aliyoifua hakutoka nyumbani. Wakubwa wa Shangama walimwita punguani, na yeye hakuwakatalia, kwa sababu punguani huachwa aseme. Akaenda mpaka dirisha la ghala, akamkuta dada yake amekaa juu ya magunia, uso umemvimba kwa kulia.

"Vuai, mimi sikutia kitu," akasema Bi Mize. "Mtambo ule unakula chumvi na kutoa dawa. Nimeinusa pale maji yanapotokea. Lakini nani atanisikiliza? Nitakwenda wapi mimi? Mume wangu amezikwa hapa, wanangu wameolewa hapa."

"Huendi popote, dada," akasema Vuai, ingawa hakuwa na hakika hata kidogo. Akaenda moja kwa moja barazani.

"Maulana," akasema, "dada yangu hakutia klorini."

"Ni nani basi?"

"Ni chumvi."

Baraza zima likaangua kicheko. Sultani akafuta machozi akasema, "Vuai, watu husema wewe ni punguani."

"Watu husema mengi, Maulana, hata juu yako. Mimi siwasikilizi."

Kicheko kikakatika ghafla. Bwana Ghalib akaingilia, "Maulana, chumvi ni chumvi na klorini ni klorini. Mtu huyu anatia chumvi maneno yake ili amwokoe dada yake."

"Kweli," akasema Sultani, sasa amekasirika. "Sikiliza, Vuai. Bwawa nimekukabidhi wewe mpaka Ijumaa, mtu mwingine asiliguse. Siku hiyo nataka ushahidi kwamba klorini yatoka kwenye mtambo. Wala sitaki ushahidi wako, wala wa dada yako. Nataka nisikie kwa kinywa cha Bwana Ghalib mwenyewe! Ukishindwa, mtahama nyote wawili. Na katika muda wote huo, wewe usitie chumvi. Nimechoka na watu wa kutia chumvi."

Bwana Ghalib akatabasamu, maana alikijua kinywa chake. Vuai akainua kichwa taratibu.

"Nisitie chumvi, Maulana?"

"Usitie chumvi!"

"Hata chembe?"

"Hata chembe, wewe kichwa maji!"

"Kadhi, umesikia," akasema Vuai akimgeukia kadhi wa mji. "Nimesikia na nimetii."

Basi ilikuwa masika, na mvua ya mwaka ule ilinyesha kama iliyotumwa, hata Sultani hakutoka kuogelea. Bwawa likajaa, likafurika, chumvi ikatoka na maji ya mafuriko ikaenda zake mtaroni, na yaliyobaki yakawa maji ya mvua matupu. Mtambo ukawasha taa nyekundu. Mlinzi mmoja wa kasri akaja mbio na gunia begani.

"Nipishe," akamwambia Vuai. "Bwana Ghalib alituagiza tukiiona taa hii tutie chumvi kimyakimya, Sultani akiwa amelala."

"Kumbe hutiwa tena? Nilidhani ni mara moja tu."

"Mara moja kila ikipungua. Na ule ukoko mweupe unaoshika ndani ya mtambo tunaukwangua kwa siki. Nipishe, bwana!"

"Sultani amekataza. Amesema nisitie chumvi hata chembe, wala mtu mwingine asiliguse bwawa."

"Alikusudia maneno, si chumvi hii!"

"Ndugu yangu," akasema Vuai, "wewe unaingia moyoni mwa Sultani? Mimi nimeishia masikioni mwangu."

Mlinzi akasimama, akafikiri, akakumbuka kwamba na yeye ana watoto, akarudi na gunia lake. Bwana Ghalib naye alikuwa ndani akila halua, wala hakuthubutu kusogea bwawani, maana alikwisha kusema bwawa hujitunza lenyewe, na angeonekana anachungulia angejitia kitanzi mwenyewe. Vuai akajifunika gunia tupu kichwani, akakaa ukingoni akitafuna mahindi ya kuchoma.

Maji yakafifia kwanza, yakawa kama yaliyooshewa mchele. Kisha yakawa na ukijani, kisha yakawa ya kijani hasa, na vyura wakaja, wakaona mahali pazuri, wakaita jamaa zao. Bi Mize aliwasikia kule ghalani, moyo ukampasuka.

"Vuai!" akaita dirishani. "Unaliharibu bwawa!"

"Dada, sijagusa kitu."

"Ndiyo maana linaharibika!"

"Basi hilo ndilo ninalolitafuta," akajibu Vuai, ingawa yeye pia aliogopa.

Ijumaa baada ya sala Sultani akatoka na kikoi kipya, wageni nyuma yake, mawaziri pembeni, uso ameuelekeza juu ili aonekane vizuri. Kwa hiyo hakutazama chini. Akashika ile ngazi yenye kutu, mguu ukakutana na utelezi, akatumbukia majini mzimamzima. Alipoibuka, utando wa kijani umemning'inia ndevuni na chura mdogo amekaa juu ya bega. Mawaziri, kwa mazoea, wakapiga makofi.

"Vuai!" akanguruma Sultani. "Umelifanya nini bwawa langu?"

"Sikulifanya kitu, Maulana. Nimelitii neno lako. Uliniamuru nisitie chumvi, nami sikutia hata chembe. Kadhi shahidi."

"Nami Bwana Ghalib alinihakikishia kuwa bwawa hili hujitunza lenyewe!" akasema Sultani, akamgeukia mfanyabiashara. "Kumbe mtambo wako haufai kitu!"

Sasa, muuzaji aweza kuvumilia matusi juu ya mama yake, lakini si juu ya bidhaa yake. Uso wa Bwana Ghalib ukawiva.

"Mtambo wangu hauna kosa, Maulana! Kosa ni la punguani huyu aliyeunyima chumvi! Pasipo chumvi utaitengenezaje klorini?"

Vyura peke yao ndio walioendelea na mazungumzo.

"Bwana Ghalib," akasema Vuai kwa adabu, "hawa vyura wana kelele. Tafadhali, umesema mtambo hutengeneza nini?"

"Mimi nimesikia," akasema kadhi.

Bwana Ghalib akaanza kujikanyaga. Akasema klorini itokayo kwa chumvi si klorini ile, bali ni klorini laini, ya kifalme. Vuai akamwambia, "Dada yangu aliileta kwa kopo, wewe umeileta kwa gunia. Kopo lilimtaka mtu kila jioni, gunia linamtaka mtu mara kwa mara pamoja na siki yake. Macho ya Sultani yamepona, ngazi ya Sultani imeugua. Hayo yote ungeyasema tangu mwanzo, mama wa watu asingelala ghalani."

"Imebaki sheria," akasema kadhi, mzee mkavu asiyejua mzaha. "Atakayetia klorini bwawani atahama mji. Mtambo huifanya kwa chumvi, basi mwenye kutia chumvi ndiye mwenye kutia klorini. Ni nani aliyetia ya kwanza?"

Kila mtu akatazama viatu vyake.

"Zilipigwa ngoma siku ile," akasema Vuai. "Maulana, mizigo yako tuifunge leo, ama tungoje mvua ikatike?"

Sultani akamtazama, utando ungali ndevuni, kisha akaanza kucheka. Akacheka hata akashika ngazi asianguke, na mawaziri walipoona ni salama wakacheka pia.

"Umenishinda, Vuai! Mpeni kanzu mpya. Bwana Ghalib atalisafisha bwawa hili mwenyewe, asugue kuta na kukwangua mtambo mpaka nione vigae. Na mpiga mbiu atangaze kwamba nimemsamehe Bi Mize."

Watu wote walifurahi ila Vuai. Yeye hakucheka.

"Maulana, Mize anasamehewa kosa gani?"

Sultani akajishughulisha na utando ndevuni mwake.

"Kanzu nitaivaa, nina shida nayo," akasema Vuai. "Lakini dada yangu ametukanwa mji mzima kwa jambo asilolifanya, na leo ataitwa aliyesamehewa? Msamaha ni wa mwenye kosa. Na upigiwe mbiu kwa jina la huyo aliyekosa."

Sultani akamtazama kadhi akitafuta msaada, na kadhi akasema sheria ina njia mbili tu, ama mkosaji ahame, ama asamehewe hadharani. Sultani akatafuta njia ya tatu mpaka maji yakamkauka mwilini, asiipate.

Basi alasiri ile mpiga mbiu akazunguka mitaa yote ya Shangama, akisimama kila kona na kutangaza kwa sauti ya mtu anayeomba radhi: "Enyi watu! Bi Mize hakufanya kosa lolote! Aliyetia klorini bwawani ni Sultani wetu, na Sultani wetu, kwa huruma zake, amemsamehe Sultani wetu!"

Watoto wakamfuata wakiimba maneno hayo, na kwa miaka mingi wakubwa wa Shangama hawakuweza kusema mtu ametia chumvi bila kutazama kwanza nyuma. Bi Mize, amekwisha kufunguliwa ghalani, alisimama mlangoni kwake akasikiliza mbiu mpaka neno la mwisho, kisha akaingia ndani, akaketi, akalia kwa kwikwi, maana alikuwa ameogopa kweli. Mlangoni hapo ndipo hekaya iliponiacha, nami sikubisha hodi.