Kuku Kishingo na Tausi wa Sultani Idarusi

Zamani, wakati majini walipokuwa wakifungwa kwa pete na kupewa kazi majumbani, mji wa Marijani ulitawaliwa na Sultani Idarusi bin Shehe, mtu mwenye hazina na askari na ndevu nzuri, lakini alichojivunia kuliko hivyo vyote ni tausi wake. Mikia yao ilipofunguka bustanini, wageni kutoka nchi za mbali walisahau walichokuja kuuza. Wageni hao waliambiwa, na wakaamini, kwamba tausi wa Marijani hawaanguliwi na ndege, bali mayai yao huwekwa juu ya mto wa hariri na jua lenyewe huyaangua, kwa heshima ya ukoo wa Sultani.

Na katika mji huo ilikuwako desturi iliyowekwa na babu yake Sultani: mahali popote ambapo usiku utamkuta tausi wa jumba amelala, mahali hapo ni mali ya jumba. Kwa miaka mingi desturi hiyo haikumdhuru mtu, kwa kuwa tausi hawakuvuka ukuta.

Nyuma ya ukuta huo alikaa Bi Mize binti Hamadi, mjane mwenye watoto wanne, na uani kwake alikuwa na kuku wachache na matuta ya mchicha, bamia na nyanya. Mayai na mboga ndivyo vilivyowalisha yeye na wanawe. Ua wake ulichomoza ndani ya bustani ya Sultani kama jino lililoota vibaya, na Waziri Dahamani, aliyependa vitu vinyooke, hakupita hapo bila kukunja uso.

Basi mwaka ule tausi wakaruka ukuta. Walishuka asubuhi, wote kwa pamoja, wakala pumba za kuku, wakang'oa miche ya mchicha, wakadonoa kila nyanya mara moja tu na kuiacha, na jogoo wa Bi Mize wakamfukuza mpaka akaingia jikoni na kukataa kutoka. Kuwapiga hakukuruhusiwa, maana aliyemng'oa tausi unyoya alifukuzwa mjini. Bi Mize akatandaza miiba juu ya paa, wakaota jua juu ya choo. Akatundika sinia ya shaba ili mng'ao uwatishe, na dume mmoja alipojiona humo akadhani ni adui, akapigana na sinia mpaka ikabonyea. Kilichosaidia ni maji peke yake. Kila jua lilipokaribia kuzama alisimama na kata na mtungi, akawarushia mmoja mmoja mpaka wakaondoka kwa manung'uniko, na maji yale aliyateka mwenyewe kisimani, na mgongo ulimuuma.

"Shoga, mtie mmoja chunguni," alisema jirani yake, Bi Kazija, akichungulia juu ya ua wa makuti. "Nani atajua?"

"Na ule mkia nitauficha wapi? Chini ya kitanda?"

"Utafanya mafagio."

"Cheka basi, lakini wakilala hapa usiku mmoja nitahamia kwako na wanangu wote."

Bi Kazija akaacha kucheka.

Jioni moja Bi Mize alipomrushia maji dume mkubwa kuliko wote, yule mwenye pingu ya fedha mguuni, dume akajikung'uta na kusema, "Basi, mwanamke! Maji yako baridi."

Bi Mize alishusha kata. Alikuwa amechoka mno hata kupiga kelele. "Kama ni baridi, nenda kwenu. Na tangu lini tausi anasema?"

"Mimi si tausi. Mimi ni Shamharani, jini wa ukoo mkubwa, niliyetikisa milima na kukausha mito. Babu yake Sultani alinifunga kwa pingu hii ndani ya ndege, na kila kizazi cha tausi nachungishwa mimi, nihakikishe wanalala jumbani. Pingu haitafunguka mpaka siku watakapoingia nyumbani kwa miguu yao, bila kufukuzwa wala kusukumwa. Nami kila jioni nawasukuma kwa upepo. Wamekua, bibi, wana nguvu. Mabawa yangu yamekufa ganzi."

"Kumbe ule upepo ni wewe! Umeniangushia nguo kambani mara ngapi?"

"Niwie radhi," alisema jini.

Bi Mize akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, na jini akakaa mbele yake, kama watu wawili waliomaliza zamu.

"Najua kilichomo ndani ya milima na chini ya bahari," alisema jini, "lakini kinachowaleta hawa hapa sikijui. Kule wanalishwa zabibu na lozi. Kwako kuna nini?"

"Pumba. Na chenga za mchele, nikizipata."

"Ndiyo maana nashangaa."

"Je, umewahi kuwaangalia?"

"Mimi ndiye ninayewachunga!"

"Sikukuuliza hivyo," alisema Bi Mize.

Neno hilo alilisema kwa jini, lakini usiku likamrudia mwenyewe, maana naye tangu tausi waje alikuwa akitazama mboga zake tu. Basi asubuhi hakugusa kata. Alikaa kizingitini akimenya kunde, na tausi waliposhuka akawaacha, akatazama. Na akaona ajabu. Tausi hawakukimbilia pumba kwanza. Walikwenda wote kwenye pembe ya banda, alipokuwa amejilaza koo wake mzee, kuku wa kishingo asiye na unyoya hata mmoja shingoni, mbaya wa sura kuliko kuku wote wa mtaani, na kila tausi akainamisha kichwa chenye taji mbele yake. Kishingo alipoinuka na kuparura, nao wakaparura, na ndipo mchicha ulipong'oka. Kishingo alipomkasirikia jogoo, nao wakamfukuza jogoo. Na jua lilipokuwa kali, jike mmoja wa tausi, mkubwa kuliko Kishingo, akajaribu kuingiza kichwa chini ya bawa lake, na Kishingo akamfunika kadiri alivyoweza.

Bi Mize akaacha kunde. Akakumbuka kwamba mwaka wa juzi Feruzi, mtunza ndege wa Sultani, alimwazima kuku huyo aatamie mayai ya bata wa mpishi, akamchukua katika tenga, akamrudisha baada ya muda mrefu, amekonda, amebaki mifupa. Akajifunga ukaya wake kichwani akaenda mlango wa nyuma wa jumba.

"Feruzi," alisema, "yale mayai yalikuwa ya bata gani?"

Feruzi alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mpole, na alipolisikia swali hilo akatazama kushoto na kulia. "Bi Mize, tafadhali, punguza sauti."

"Nitaipaza zaidi."

"Hayakuwa ya bata. Tausi jike akitaga huyaacha mayai akaenda zake. Jua haliangui kitu, bibi, jua huyachemsha. Tangu enzi za babu yake Sultani watunza ndege huazima kuku kwa siri, na kazi ikiisha kuku hupelekwa jikoni, aliwe, siri iishe. Mimi nikajiambia, huyu ni kuku wa mjane, nitawezaje? Nikamrudisha."

"Ungeniambia na ukweli, ningejua ninarushia maji watoto wa nani."

"Ningekatwa kichwa."

"Na mimi nitanyang'anywa nyumba," alisema Bi Mize, akarudi kwake.

Jioni ile ile ngoma ikalia uchochoroni. Waziri Dahamani alikuwa amepata habari za tausi, akaja na wapimaji na kamba, na nyuma yake alikuja Sultani Idarusi mwenyewe, kwa sababu alikuwa amewakosa tausi wake mchana kutwa. Jua lilikuwa limegusa mapaa. Tausi walikuwa wametulia kuzunguka banda la kuku, na hakuna aliyeonyesha nia ya kuruka.

Jini akamsogelea Bi Mize na kunong'ona, "Leo siwezi. Nimejaribu, upepo hautoki."

"Mtukufu Sultani, Mola akuzidishie umri," alisema Waziri, "desturi ya babu yako i wazi. Jua likizama, ua huu ni wako, na ukuta wa bustani utanyooka kama inavyopendeza." Na wapimaji wakaanza kufungua kamba juu ya matuta ya bamia.

Bi Mize akapiga magoti. "Bwana wangu, jua halijazama. Niruhusu nipite na kuku wangu."

"Kuku?" aliuliza Sultani.

"Huyu, bwana wangu." Akamwinua Kishingo bandani, akamtia kwapani, akatoka mlangoni bila kugeuka. Kishingo, aliyekuwa ameanza kusinzia, akaudhika akaanza kutetea, ko ko ko, na kwa sauti hiyo tausi wakainuka. Wakatoka mlangoni kwa mstari, mikia ikifagia vumbi la uchochoro, na yule mwenye pingu akawa wa mwisho, na Sultani na Waziri na wapimaji wakafuata nyuma wakisukumana ili waone. Hakuna aliyewafukuza tausi, wala upepo haukuvuma. Bi Mize akaingia lango la jumba, akapita chemchemi, akamweka kuku chini ya mkomamanga, na tausi wakaruka matawini juu yake, wakakunja miguu. Kishingo akatengeneza shimo dogo katika majani ya Sultani, akajilaza.

Pingu ya fedha ikapasuka, ikaanguka kwa mlio wa sarafu. Kutoka kwa tausi mkubwa ukatoka moshi wa samawati, ukapanda juu ya mkomamanga, ukacheka kwa furaha mpaka makomamanga mawili yakadondoka, na dume la tausi likabaki tausi tu, likashangaa.

"Ni nini haya?" aliuliza Sultani.

Hapo Feruzi akatokea katikati ya watu, akatupa kilemba chake chini. "Bwana wangu, wamemfuata mama yao. Jua halikuwaangua. Niliwatia chini ya kuku huyu, nikamdanganya mwenyewe, nikakudanganya na wewe. Kichwa changu ni hiki."

Watu wakasubiri ghadhabu, lakini Sultani alikuwa ameinama akimtazama Kishingo, ile shingo tupu nyekundu na lile jicho moja lililofunguka nusu. "Huyu?" alisema. "Wote hawa?"

"Wote, bwana wangu, isipokuwa yule mzee wa pingu."

Jua likazama. Muadhini akaadhini. Na Bi Mize akasema, kwa sauti ya mtu ambaye bado hajapika, "Bwana wangu Sultani, usiku umemkuta kuku wangu amelala hapa. Na tausi, kwa kuwa ni watoto wake, nao wamelala kwa mama yao. Nataka kujua tu: bustani hii sasa ni ya nani?"

Sultani akatazama kamba mikononi mwa wapimaji, akatazama jumba lake, na polepole akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mti. Kisha akasimama wima na kusema mbele ya wote, "Shuhudieni. Desturi ya babu yangu nimeifuta. Mtu atalala kwake, na ndege alale atakapo. Na ua wa Bi Mize usiguswe mpaka mwisho wa ukoo wake. Feruzi, vaa kilemba chako. Ungempika huyu kuku, leo ningekuwa mjinga bado."

Akampa Bi Mize kipande cha bustani kinachopakana na ua wake, pamoja na mfereji wa maji ya chemchemi, na katika ukuta akatoboa mlango mdogo, tausi waje mchana kumwamkia mama yao na kurudi naye jioni. Ukuta haukunyooka tena, na Waziri akazoea kupita njia nyingine.

Naye jini akamshukia Bi Mize akasema, "Niombe, mwanamke. Jumba la dhahabu? Farasi?"

"Kesho," alisema Bi Mize, "kuni ziwe zimepasuliwa, mitungi imejaa, watoto wameoshwa na kulishwa, na mimi niachwe nilale mpaka niamke mwenyewe."

"Hayo tu?"

"Hujawahi kulea."

Ikawa hivyo, na Bi Mize akalala mpaka adhuhuri, na wanaosimulia wanasema hiyo ndiyo ajabu kubwa kuliko zote. Feruzi akapeleka posa baada ya mwezi. Bi Mize akamjibu ayalime kwanza matuta yaliyoharibiwa na tausi, na Feruzi akayalima, akapanda mchicha ukaota vizuri, na watoto wakamzoea, basi yeye na Bi Mize wakaozwa, na mahari ilikuwa sinia mpya ya shaba isiyobonyea.

Na hii hekaya twaambiwa tuichukue hivi: kiumbe anayekuja kwako kila siku kukuharibia, kabla hujamrushia maji, kaa chini umtazame anamfuata nani, na ukiazima kuku wa mtu, mrudishe, na maneno ya kweli yarudi pamoja naye.