Siku Nyayo Zilipofutika

Mmeniuliza, wajukuu zangu, inakuwaje mtu aliyehama kwao miaka mingi akifumba macho bado anaiona njia ya kwenda kisimani. Haikuwa hivyo tangu mwanzo.

Hapo kale ardhi ilikuwa na tabia ya kutunza. Ukikanyaga, unyayo wako ulibaki pale mwaka hadi mwaka. Watu walisafiri wakitazama chini, na wakati wa kurudi waliifuata mistari ya nyayo zao. Hakuna aliyejua mlima uko upande gani wa kijiji chake. Hakuwa na haja.

Sekiete na mkewe Nakijwa waliishi milimani, huku kwetu Upareni. Nakijwa alianguka akichanja kuni, mguu ukavunjika. Mganga wa mifupa alikaa mwendo wa siku mbili, ng'ambo ya tambarare. Sekiete akambeba mkewe mgongoni, na mtoto wao mchanga wakamwachia bibi yake, aliyekuwa na uji mwepesi tu wa kumpa.

Njia nzima Sekiete alitazama chini. Nakijwa, aliyekuwa mgongoni bila kazi na maumivu yanamsumbua, alitazama huku na huku ili ajisahaulishe. Aliona jiwe lililopasuka, korongo lenye migunga, kilele kilichoinama kama mtu anayenawa.

Mguu ulipofungwa banzi, ikanyesha mvua ambayo haijapata kuonekana. Ilinyesha siku tatu. Ilipokatika, tambarare yote ilikuwa tope laini, halina hata unyayo mmoja.

Sekiete alikaa chini akalia. "Tumepotea, mke wangu. Mtoto atakufa."

Matiti ya Nakijwa yalikuwa yamejaa, yanamuuma. Akafumba macho.

"Nibebe," akasema.

"Nikupeleke wapi?"

"Kile kilele kilikuwa mkono wangu wa kulia tulipokuja. Sasa kiweke kushoto."

"Umejuaje?"

"Nakiona. Naona na korongo, liko nyuma yake. Twende, baba."

Walitembea. Sekiete alitaka kugeuka mara mbili kwa woga, na mara mbili Nakijwa alimvuta sikio. Waliwakuta wasafiri wengine wamesimama kwenye tope kama vigingi, nao wakawafuata. Siku ya pili jioni wakasikia mtoto akilia, sauti imekauka, lakini analia. Nakijwa alimnyonyesha kabla yeye mwenyewe hajashushwa vizuri mgongoni.

Wasafiri wale hawakuondoka mpaka amewafundisha: inua uso, jiulize kipi kiko wapi, kisha upite tena njia hiyo kichwani mwako.

Na tangu siku hiyo ardhi haitunzi tena nyayo za mtu, na kila mmoja wetu anazibeba njia zake mwenyewe ndani ya kichwa. Ndiyo maana mtoto akibebwa mgongoni hatulii. Hunyoosha shingo juu ya bega la mama yake, akatazama upande huu, akatazama na ule. Msimkemee. Anajifunza kurudi nyumbani.