Pikapu Iliyopiga Vigelegele Msibani

Aliyechorwa siye mgonjwa.

Mmeisikia jana uwanjani, timu yenu ilipofungwa na watu wote wakamgeukia golikipa. Yule mama muuza karanga akaitamka mara moja tu, akaendelea kufunga karanga zake. Leo mmekuja kuniuliza: amechorwa nani, na anaumwa nini? Mmefanya vizuri. Wengi wanaitumia kama chumvi, hawajui ilichimbwa wapi. Basi sogeeni, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi. Methali hii haikuanzia kwa mfalme wala kwa sungura. Ilianzia chini ya boneti ya gari.

Huko Ikubo, milimani Rungwe, alikuwepo dereva mwanamke anaitwa Subilaga. Aliendesha pikapu ya ushirika wa wafugaji. Asubuhi anapita kitongoji kwa kitongoji kukusanya maziwa, kisha anashuka nayo mjini kwenye kituo cha kupozea. Kazi ile aliipenda kuliko chai. Alikuwa mwanamke wa kwanza kukabidhiwa zile funguo, na walikuwepo waliosubiri akosee hata kona moja, waseme, "Si tulisema?"

Pikapu yenyewe ilikuwa na tabia moja. Ikiwashwa kwenye baridi, inatoa sauti kali, nyembamba, kama vigelegele vya mama mkwe aliyepata alichokitaka. Watu wakaipa jina la Bibi Harusi. Watoto wakiisikia wanajua ni saa ya kuamka, na ng'ombe wakiisikia wanajua wamechelewa kukamuliwa.

Sasa siku moja ulipita msiba barabarani. Subilaga, kwa heshima, akasogea pembeni, akazima gari, akavua kofia. Jeneza likapita, waombolezaji wakapita, na mbele yao alikuwepo Mzee Kasebele, mwenyekiti wa ushirika, ameshika msalaba. Subilaga akangoja mpaka akaona kumetulia, akawasha gari.

Bibi Harusi akapiga vigelegele.

Marehemu alikuwa na madeni na maneno mengi kijijini, kwa hiyo wapo walioinamisha vichwa si kwa huzuni bali kwa kuficha meno. Lakini Mzee Kasebele alitamani kaburi limmeze yeye kwanza.

Baada ya msiba ule, ajabu, vigelegele vikakoma. Pikapu ikawa inawaka kimya kama mchungaji anayetoka sebuleni kwa mgonjwa. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Kelele ikiondoka, nani anaifuata kuiuliza inakwenda wapi?

Ila kwenye dashibodi kukawaka taa. Taa nyekundu, ndogo, yenye picha ya betri. Mwanzoni ilikonyeza tu wakati wa kupanda mlima na ukungu, taa kubwa zikiwa zimewashwa na waipa zinafuta kioo. Halafu ikawa inakodoa kabisa. Na Subilaga akizima gari ili kupakia madumu, haiwaki tena. Wafugaji wanaacha ng'ombe wanakuja kusukuma.

Akaipeleka kwa Fundi Andulile, fundi umeme mwenye mdomo uliofanya kazi kuliko mikono.

"Dada Subi, hapa hata kipofu anaona," akasema. "Taa imechora betri. Kama mlango ndio ungekuwa umekufa, si wangechora mlango?"

Akaweka betri mpya. Nayo ikafa. Siku ilipokufa, gari ilikuwa juu ya mlima, jua limetoka, na maziwa ya kijiji kizima yakageuka mtindi usioombwa. Hapo maneno yakaanza.

"Ni redio," wakasema. "Anasikiliza kwaya akingojea maziwa. Kwaya nzima ile inakula umeme, unafikiri inaimba bure?"

Mzee Kasebele alimpenda Subilaga kama binti yake, lakini mwenyekiti ana masikio mengi ya kuyatuliza. Akamwita, akamwambia taratibu, "Mwanangu, Jumamosi tuna mkutano. Pikapu ikifa tena kabla ya hapo, funguo nitampa mwingine. Nitaona aibu, lakini nitampa."

"Sawa, baba," akasema Subilaga. Hakulia. Alikuwa na tabia ya watu wadadisi: akiumia, badala ya kulia anaanza kuuliza.

Kitu cha kwanza, akaing'oa redio. Akaiweka kwenye kabati lake la vyombo. Asubuhi, mlimani, taa ikawaka vilevile. Basi redio imeachiwa huru, akawaza. Nani anafuata?

Akaanza kuikodolea macho ile dashibodi kama mtu anayesoma barua ya mchumba. Ndipo akaona kitu kingine: kila taa ya betri ilipokodoa, sindano ya joto nayo ilijivuta juu, kidogo kidogo. Akajiuliza, hivi betri inahusiana nini na joto la maji?

Na asubuhi iliyofuata, kabla hajawasha gari, akamkuta paka wa ofisi ya ushirika ndani ya injini. Kaingia kwa chini, kakaa kwenye vyuma, analamba. Subilaga akamtoa, akamtazama. Paka hupenda injini kwa sababu ya joto, hilo kila dereva analijua. Lakini gari ililala nje kwenye baridi ya Rungwe. Injini ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

"Wewe," akamuuliza paka, "unafuata nini kwenye chuma cha baridi?"

Paka akajilamba midomo. Hilo nalo lilikuwa jibu, ila Subilaga hakulielewa bado. Akambembeleza Bibi Harusi kwa maneno, wakasukumwa, akaenda moja kwa moja kwa Fundi Andulile.

"Umekuja kuchukua betri nyingine?" akauliza fundi.

"Sitaki betri. Nataka unijibu. Ni nani ndani ya gari anayelisha betri na pia kupoza maji?"

Fundi akafungua boneti. Akakuna kidevu.

"Dada Subi, umeniuliza swali la mtihani. Tazama. Betri haitengenezi umeme, inatunza tu. Betri ni ndama. Anayemnyonyesha ni altaneta, hii hapa. Ikizunguka, inatoa umeme. Na maji yanazungushwa na pampu, hii hapa. Zote mbili zinazungushwa na..." Akainama juu ya injini.

"Na nini?"

"Na fenibelti. Mkanda mmoja."

"Na ile taa nyekundu inasema nini hasa?"

Fundi akacheka peke yake, kicheko cha mtu aliyejikwaa mbele za watu. "Inasema ndama hanyonyi. Haisemi ndama ni mgonjwa. Mimi nikabadilisha ndama! Na ningebadilisha zizi zima."

Akachukua mita, akagusisha nyaya zake kwenye betri huku gari ikinguruma. Mita, ambayo ilitakiwa kupanda mpaka kama volti kumi na nne, ikabaki chini, na kila alipowasha taa kubwa ikazidi kushuka. Akazima injini, akaupapasa mkanda. Ulikuwa umelegea, lakini si hilo lililomshangaza. Ulikuwa unang'aa. Akakitazama kidole chake, akakinusa. Kisha, Mungu amsamehe, akakilamba.

"Siagi," akasema.

"Siagi gani?"

"Ya nyumbani hii. Haina chumvi."

Subilaga akamkumbuka paka, akakaa chini kwenye tairi. Fenibelti iliyolegea hulia kwa sababu inateleza. Ukiipaka siagi inateleza zaidi, ila haina tena sauti ya kukuambia. Injini inazunguka, mkanda unateleza tu, altaneta inasinzia, na pampu inasinzia. Vigelegele vilipokoma ndipo taa ilipoanza.

Fundi akausafisha kwa sabuni mfereji wa puli, lile gurudumu linalobeba mkanda, akautupa ule mkanda maana mpira uliokwishakunywa mafuta hauaminiki, akafunga mpya na kuukaza. Gari ikawashwa. Sindano ya mita ikapanda na kutulia mahali pake. Taa nyekundu ikazimika. Hata kwa taa kubwa na waipa, ikabaki imezimika.

Jumamosi ukumbi ukajaa. Fundi Andulile akasimama akaeleza yote, na kwa mara ya kwanza maishani akajitaja kwenye makosa. Watu wakashika vichwa.

"Siagi kwenye gari? Nani anapaka gari siagi?"

"Nani mwingine?" sauti ikatoka nyuma. "Si dereva! Anayeshinda nayo ni nani?"

"Mwanamke kila kitu anaona chapati!" mwingine akadakia, na kicheko kikaenda safu kwa safu.

Subilaga akasimama. Alikwishajua. Mtu mmoja tu alikuwa akifungua ile boneti kila asubuhi, akisema anatazama maji, wakati yeye anapima maziwa. Akamtazama mtu huyo. Kinywa chake kilikuwa na jina, lakini jina lenyewe lilikuwa la mzee, na mzee anapewa nafasi ya kutembea kwa miguu yake mwenyewe. Akanyamaza. Ukumbi ukachukulia kimya chake kuwa ni jibu, ukazidi kunguruma.

Mzee Kasebele akavua kofia.

"Siagi ni yangu," akasema.

Akaiweka kofia mezani.

"Baba yangu alinifundisha: kinacholia kinataka mafuta. Bawaba ya mlango, gurudumu la mkokoteni, mtoto mwenye upele. Gari ilipiga vigelegele nyuma ya jeneza, nikaona aibu. Nikaanza kuipaka. Ikanyamaza, nikafurahi, nikazidisha. Kumbe ilikuwa inasema, na mimi nimeiziba mdomo. Taa ikachora betri, tukaitupa betri. Halafu sisi wenyewe tukashika kalamu, tukamchora Subilaga. Na mgonjwa alikuwa amekaa hapa mbele, anaongoza mkutano."

Akageuka kwa Subilaga. "Mwanangu, ulijua. Kwa nini hukusema?"

"Baba, nilikuwa naangalia kama utalia mwenyewe."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko, na safari hii Mzee Kasebele alicheka kuliko wote, huku anajifuta macho. Funguo zilikuwa mezani mbele yake. Akazichukua kwa mikono miwili, akampa.

"Ndaga, asante baba," akasema Subilaga. "Ila boneti uniachie mimi."

Tangu siku hiyo, Ikubo mtu akinyooshewa kidole, mzee mmoja atauliza kwanza: anayemlisha huyu ni nani, na anayemlisha anazungushwa na nani? Wanafuata mkanda mpaka mwisho wake, hata kama mwisho wenyewe umekaa kwenye kiti cha mbele. Picha inakuonyesha pa kuanzia kutazama. Haijakuambia umkamate nani.

Aliyechorwa siye mgonjwa.