Mfinyanzi Aliyeuza kwa Mgongo

Paukwa!
Pakawa.
Hee, mnaitikia kama mliokula jana! Paukwa!
Pakawaaa!

Hapo zamani za kale, kabla bibi wa bibi yangu hajaota meno, vita vilishuka kwenye kijiji cha milimani. Moto, wuuu! Mapaa, puu! Mbonea mfinyanzi akamfunga mwanawe kifuani, akakimbia. Mumewe akabaki huko, chini ya udongo.

Akatembea, akatembea, akatembea. Akafika mji wenye lango kubwa. Mlinzi akamwambia, "Karibu, mama. Lakini sheria yetu uijue. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwezi ukiandama ngoma italia, na asiye na kazi ya kumlisha atatoka kwa lango hili hili."

Atoke aende wapi? Kwenye moto? Mbonea akajifunga kibwebwe. Akachimba udongo mtoni, akaukanda, akafinyanga, akachoma. Vyungu vikatoka vizuri, ukigonga, ngooo! Akavipanga sokoni. Kisha akaketi, akawapa wanunuzi mgongo.

Ndiyo, mgongo! Mnacheka nini? Kwao muuzaji hamkodolei mtu macho. Anageuka, mnunuzi achague bila kuona haya. Lakini watu wa mji wangejuaje?

"Yule mama ana kiburi."
"Ametununia."

Wakapita. Wakapita. Wakapita. Jioni vyungu vikarudi vyote, na mtoto akalala kwa maji matupu.

Sokoni pale alikuwepo Mzee Sengondo, msokota kamba. Naye aliingia mji ule akiwa mkimbizi, enzi za ujana wake. Akamwendea Mbonea.

"Shikamoo, baba," Mbonea akasema, bila kugeuka.
"Marahaba, mwanangu. Mbona umetupa mgongo?"
"Ndiyo adabu ya kwetu. Na kizuri chajiuza."
"Chajiuza kinapojulikana. Huku nani anakijua? Geuka, mwanangu."

Mbonea akalia kwa uchungu. "Baba, nimeacha nyumba. Nimeacha shamba. Nimeacha kaburi la mume wangu. Na adabu aliyonifunza mama niiache? Sigeuki!"

Mwingine angemwita mkaidi, akaenda zake. Mzee Sengondo alichukua kamba zake, akaketi nyuma ya Mbonea, mgongo kwa mgongo, uso kwa wanunuzi. Akapaza sauti:

"Vyungu! Vyungu vya milimani! Gonga usikie!"
Ngooo!
"Mzee, huyo mwenzio mbona kanuna?"
"Hakununa. Anakuheshimu. Chagua kwa nafasi yako."

Ngooo! Chungu kikaondoka. Kesho yake, ngooo! Kingine. Mgongo kwa mgongo, mzee anaita, Mbonea anafinyanga, mtoto anashiba.

Mwezi ukaandama. Ndu! Ndu! Ndu! Jumbe wa mji akaja sokoni, akakunja uso. "Anayeuza hapa ni mzee. Wewe mgeni, kazi yako iko wapi?"

 Lakini mama muuza uji akadakia, "Jumbe, ule uji uliokunywa asubuhi ukaomba tena, nimeupika kwenye chungu chake!"

Soko zima likacheka. Jumbe akajifuta midomo, akaenda zake. Mbonea akabaki mjini.

Miaka ikapita, vyungu vya Mbonea vikajulikana mji mzima. Mzee Sengondo akafa, na Mbonea akamlilia kama baba mzazi.

Siku moja akaingia mkimbizi mwingine, msuka vikapu. Akaita kwa lugha ya kwao, watu wasimwelewe. Wakapita. Wakapita. Wakapita. Mbonea aliposikia lugha ile, akaitambua. Ndiyo lugha ya wale waliopiga kelele wakichoma nyumba yake! Sasa vita vimewageukia wao, naye ndiye atakayewahurumia? Akamchukia mtu yule. Alimchukia kweli kweli.

Kisha akauhisi mgongo wake, pale mzee alipokuwa akiegemea. Ulikuwa baridi.

Akainuka. Akaenda akaketi nyuma ya yule mtu, mgongo kwa mgongo, uso kwa wanunuzi waliopita upande ule. Na yeye ambaye tangu azaliwe hakuwahi kumtazama mnunuzi, akainua uso, akapaza sauti:

"Vikapu! Vikapu! Shika uone!"

Haya, wanangu. Mkimbizi ana mikono yake na kazi yake anaijua. Anachokosa ni mtu wa kuegemeana naye. Hadithi yangu imeishia hapo. Nawe mwenye mgongo, nenda ukaketi panapohitajika.