Namba Arobaini na Moja

"Saini ya hisani hubomoa nyumba." Ndivyo alivyosema mwenyekiti sasa hivi, alipomwona Nasra ameinamia kitabu cha mahudhurio amsainie Shomari, ambaye mpaka saa hizi bado amelala kwao. Mkacheka. Kisha mkaniuliza, "Bibi, maneno hayo yametoka wapi?" Weka kalamu chini kwanza, Nasra. Yametoka hapa hapa Mikoroshini, tena yametoka kwenye mkono wangu huu, na kila nikiyasikia damu inanichemka upya.

Ilikuwa hivi. Mimi nilikuwa katibu wa chama hiki cha wakazi kwa miaka tisa. Wakati huo hatukuwa na mtaro. Masika yakiingia, maji ya mji mzima yalikuja kulala vitandani mwetu. Tuliandikia halmashauri ya jiji barua saba. Barua saba! Ya nane niliipeleka mwenyewe, nikakaa kwenye benchi lao mpaka ikagongwa muhuri mbele ya macho yangu.

Sasa, sisi tulikuwa na desturi yetu. Majina ya wakazi wote yalikuwa yameandikwa kitabuni, na kila mkutano unasaini mbele ya jina lako. Asiyesaini alisemwa wiki nzima, bombani, sokoni, hata msibani. Kwa hiyo tulifichiana aibu. Jirani akiuguza, akiwa kazini, au akiwa amechoka tu, anakuambia "nisainie", nawe unamsainia kama unavyompa chumvi akiishiwa. Tukauita huo ujirani mwema.

Basi jiji likamtuma ofisa mmoja, Bwana Lusekelo, kijana mpole, shati limenyooshwa vizuri. Akatandaza ramani mbili mezani. Katika ya kwanza, mtaro ulikwenda moja kwa moja ukapita kwenye yadi ya malori ya tajiri mmoja. Katika ya pili, ulijipinda kuikwepa yadi hiyo, ukapita juu ya nyumba sita za watu. Tukapaza sauti: unyooke! Ukumbi mzima ulisema hivyo. Yeye akaitikia kwa kichwa, wala hakuandika neno. Alipokuwa anaondoka akaniomba kwa adabu nakala ya ukurasa wa mahudhurio, "kwa kumbukumbu tu, mama." Nikampa. Tena nikamshukuru, mjinga mimi.

Miezi minne baadaye Bi Tausi alinijia mbio, kanga imemwanguka begani. Nyumba yake ilikuwa imepigwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Bi Tausi alikuwa mjane, muuza maandazi, na vyumba vile vitatu alivijenga na marehemu mumewe tofali kwa tofali. Hakuwa na kwake kwingine. Nikamwambia, "Twende. Wamekosea nyumba hawa." Tukaenda ofisi za jiji watu kumi na wawili.

Bwana Lusekelo akafungua faili. "Wakazi mia moja na sita walishirikishwa, wakaridhia ramani ya pili," akasema. "Saini zao hizi hapa."

Ulikuwa ule ukurasa wangu.

"Mimi sikuwepo," akasema Bi Tausi. "Siku hiyo nilishinda hospitali, binti yangu anajifungua."

"Namba arobaini na moja, mama. Tausi Mchopa. Hii si saini yako?"

Bi Tausi akaitazama. Kisha akanitazama mimi.

"Ni mkono wangu," nikasema. "Nilimsainia mimi. Na hayo ni mahudhurio, si ridhaa! Tulikuja kukusikiliza, na ramani hiyo tuliikataa ukiwa umekaa pale pale!"

"Kukataa kwenu kumeandikwa wapi?"

Hatukuwa tumeandika popote.

"Halafu, katibu," akaendelea kwa upole wake ule, "kama ulimsainia huyu, nitajuaje nani mwingine alisainiwa? Niandikieni kwamba kitabu chenu ni cha uongo. Nitaifuta orodha hii, na mradi wenu wa mtaro nitaufuta pia."

Nikawageukia wenzangu kumi. Kila mmoja wao siku ya mkutano ule alikuwa amemsainia mtu. Watano tu wangesimama wakasema, orodha ile ingekufa pale pale. Wakatazama sakafu. Mmoja akanong'ona, "Katibu, mtaro tumeusubiri miaka sita." Jina lake silitaji mpaka leo, maana wajukuu zake mmekaa hapa mbele yangu.

Barua niliiandika peke yangu. Walipotaka kututisha, barua ilitosha kuua mradi mzima. Nilipoipeleka, wakasema ni ya mtu mmoja, haina uzito.

Tingatinga lilikuja Alhamisi asubuhi. Bi Tausi alikuwa ameshatoa kitanda, sufuria na karai lake la maandazi. Nilimwendea nikilia nimwombe radhi. Hakunitukana. Afadhali angenitukana!

"Zamda," akaniambia, "ungekuwa unanichukia, ungeuacha mstari wangu mtupu, na leo ningekuwa na nyumba. Saini yako ya hisani ndiyo inayonibomolea."

Akajitwika karai, akaenda kwa mdogo wake ng'ambo ya mji. Hakukanyaga tena Mikoroshini mpaka alipokufa.

Mtaro tunao. Maji yanapita vizuri kabisa, pale palipokuwa chumba chake cha kulala. Yadi ya malori ipo, na ukuta wake mwaka huu umepakwa rangi mpya. Kwa hiyo msiniambie, "Bibi, yamepita." Hayajapita. Ninyi mnayaruka kila siku mkienda shule.

Leo watu wa jiji wanakuja tena, safari hii wanautaka uwanja wenu wa mpira. Mmoja wenu akamwamshe Shomari aje asaini kwa mkono wake mwenyewe. Akikataa kuja, mstari wake ubaki mtupu, nasi tumseme wiki nzima, hatakufa. Na kabla hamjasaini, andikeni juu ya ukurasa, kwa herufi kubwa, kile mnachokikataa. Nasra, shika kalamu sasa. Andika jina lako peke yake.

Saini ya hisani hubomoa nyumba.